Mti Niliousingizia

"Mama, hebu njoo uone mwenyewe."

Mzee niliyemwita kung'oa kisiki cha mwarobaini alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni. Shati kalitundika kwenye mpini wa sururu, sururu kaisimika juu ya lundo la mchanga, na mgongo wake ulikuwa unang'aa jasho ingawa saa tatu ya asubuhi ilikuwa haijafika. Nilitoka na kikombe changu cha chai nikijua anataka kunionyesha mzizi. Nilikuwa nimeusubiri mzizi huo kwa siku tano.

Akanionyesha ukuta.

Alipiga magoti pale mfereji aliouchimba ulipogusa nyumba, akaingiza mkono wa kulia chini ya msingi, polepole, kama mtu anayepapasa shilingi iliyoangukia mvunguni. Mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko. Akauchomoa, akapukuta mchanga.

"Hamna mzizi humu," alisema. "Hamna kitu kabisa. Pako wazi."

Sikunywa tena ile chai.

Hiyo ilikuwa Julai 2025. Wiki zimepita, shimo limefukiwa, na bado nikipita upande ule wa nyumba najisikia kama mtu aliyemshitaki msichana wa kazi kwa wizi wa simu, akafukuzwa na mabegi yake mchana kweupe, halafu usiku simu ikalia chini ya mto.

Ufa

Nyumba iko Chamazi, kwenye mchanga ule unaomeza maji kabla hujamaliza kuyamwaga. Niliinunua 2015 ikiwa na mwarobaini tayari, mita tatu kutoka ukuta wa magharibi, ambapo kuna jiko na chumba cha Mama yangu. Shina lake lilinizidi kumbatio. Usiku popo walikuja kula matunda, na kokwa zilidondoka juu ya bati moja moja mpaka ukazizoea kama unavyoizoea saa ya ukutani.

Ufa ulianza 2022 kwenye kona ya chini ya dirisha la jiko. Ulikwenda mshazari, ukishuka kwa ngazi kwenye maungio ya tofali. Mwanzoni ungeweza kuufunika kwa kalenda. Nilimwita fundi. Akautazama ufa, akageuka akautazama mti, akasema, "Huyo hapo."

Upelelezi wake wote ulichukua sekunde tatu.

Nami nilimwamini kwa sababu nilishaamini kabla hajafika. Kila mtu aliyepita pale alielekeza kidole kulekule: shemeji, mpangaji wa jirani, kijana wa kusoma mita ya maji. Sote tunazijua hadithi za mizizi iliyonyanyua jamvi la zege la sebule. Halafu mwaka uliofuata chemba ya choo iliziba, na fundi bomba akavuta kutoka ndani yake fungu la mizizi myembamba, refu na jeusi, mfano wa wigi lililosahaulika. Baada ya hapo mti ulikuwa na faili polisi.

Mama peke yake ndiye aliyekataa. Yeye ni mtu wa Muheza, amekulia kati ya minazi na michungwa, na ana namna yake ya kuzungumzia miti kana kwamba ni wakwe: kwa heshima, bila kuiamini sana.

"Mti hausemi," aliniambia. "Ndiyo maana kila mtu anausingizia."

"Mama, ufa si unauona?"

"Ufa nauona. Mkono wa mti ndio siuoni."

Nilicheka. Niliona ni maneno ya mtu anayependa kivuli chake.

Hidaya

Kilichoniamulia ni upepo. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliukaribia mwambao wetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawa inatoa tahadhari, na sisi tukawa tumejifungia ndani tunasikiliza. Matawi yalikuwa yakikwaruza bati. Mti uliinama na kurudi, ukainama na kurudi, na kila uliporudi nilihesabu. Nilikuwa nimelala na watoto chumba cha mbele, kwa sababu upande ule niliuona kama mdomo wa mamba.

Asubuhi nilikuta tawi moja limeanguka. Halikuangukia nyumba. Lilikuwa limeikata kamba ya kuanikia nguo na kutulia hapo na majani yake mabichi.

Niliwapigia vijana wa chensoo kabla ya kunywa chai.

Laki moja na themanini

Walikuja watatu. Kabla yao nilikuwa nimepita kwa mjumbe na kwenye ofisi ya mtaa, na nimewaambia majirani. Ukiwa na mpango kama wangu, anza huko: kila halmashauri ina sheria zake ndogo kuhusu kukata miti, na magogo yakishapakiwa kwenye Kirikuu kwenda mbali, yanaweza kuulizwa karatasi njiani.

Sina la kuwalaumu vijana wale. Hakukuwa na nafasi ya kuangusha mti mzima, hivyo mmoja alipanda na kamba ya manila, akaukata kuanzia kileleni, tawi kwa tawi, kila kipande kikifungwa kabla ya kukatwa na kushushwa kama mzigo wa kisimani. Kazi yote ilichukua saa mbili na nusu. Ndani mbao ilikuwa nyekundu. Mwarobaini ni ukoo mmoja na mkangazi, ndugu wa kawaida tu katika familia hiyo ya mbao za fahari, na mchwa hawaupendi. Seremala wa mtaa wa pili alilinusa shina kabla ya adhuhuri, akaja na toyo. Mama lishe alichukua matawi.

Mwishoni kijana aliniuliza, "Kisiki tukuachie kirefu kiasi gani, dada?"

"Kateni chini kabisa. Nisione kitu."

Wakakata. Kikalala sawa na ardhi, laini, kama sahani. Nilipiga picha nikaiweka kwenye grupu la familia.

Jioni ile alikuja bibi wa nyumba ya nne na sufuria. Mjukuu wake alikuwa na harara, na yeye humwogesha kwa maji ya majani ya mwarobaini, kama alivyowaogesha watoto wake. Alisimama getini akitazama juu, mahali palipokuwa na mti, kisha akatazama chini. Akayaokota majani kwenye lile rundo, akaijaza sufuria, akayashindilia kwa kiganja.

"Na kesho nitachuma wapi, mwanangu?"

Nikamwambia miarobaini imejaa Dar es Salaam nzima. Ni kweli imejaa. Sikumwambia ulipo wa karibu, maana sikuujua.

Kinachochipua

Wiki tatu baadaye kisiki kilikuwa na nywele.

Vilianza kama vidoti vyekundu pembezoni, kati ya gome na mbao. Siku chache tena vikawa vijiti vyenye majani laini yanayong'aa. Nikavifyeka kwa panga. Vikarudi viwili kwa kila kimoja. Nikafyeka tena. Ikawa ratiba yangu ya Jumamosi: kufua, kufyeka kisiki, kwenda sokoni.

Mama alinifafanulia tofauti kwa mfano wa kwao. Mnazi una moyo mmoja tu, uko juu. Ukiukata kichwa umeumaliza, kisiki kinaoza chenyewe, na tatizo lako linakuwa chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayezaliana kwenye magogo yaliyooza kisha anarukia minazi mizima. Mwarobaini si hivyo. Juu ni duka, ghala liko chini. Kinachokatwa na msumeno ni majani na mbao, lakini chakula chote kilichowekwa kwenye mizizi kwa miaka mingi kimebaki, na chini ya gome yamelala macho yanayosubiri zamu yao. Ukiondoa kilele, yanaamka yote.

Kwa hiyo mtu anaweza kukishinda kisiki kwa kufyeka tu, lakini lazima afyeke kila mara kabla majani hayajaanza kulijaza ghala upya. Ukikosa wiki tatu umeanza moja.

Nilikosa wiki tatu mara nyingi.

Ushauri ulimiminika. Chumvi: gunia zima, toboa mashimo, mimina. Oili chafu ya gari. Mafuta ya taa. Moto wa mkaa chini ya debe, usiku kucha. Nitasema ninavyoona. Chumvi haichagui, itaua kisiki polepole na udongo haraka, na mimi nina kisima cha jirani mita kumi na mbili kutoka pale. Oili chafu ni vilevile, ila inanuka zaidi. Moto kwenye mchanga mkavu unaweza kutambaa ndani ya mzizi na kutokea usipoutarajia, na mimi nina mtungi wa gesi upande ule. Dawa ya kuulia magugu hufanya kazi, lakini ilitakiwa ipakwe dakika zilezile za kukata, kwenye ule mviringo mwembamba chini ya gome, kidonda kikiwa bado kinanyonya. Mimi niliuliza habari zake mwezi wa tatu baada ya kukata. Kidonda kilikuwa kimekauka kama mguu wa meza.

Na bibi wa nyumba ya nne akawa anakuja kila wiki mbili, anachuma machipukizi. Majani machanga, alisema, ni mazuri zaidi. Kuna Jumamosi nilitoka na panga nikakuta kisiki kipara, kazi imeshafanywa.

Hapa ndipo ninapojikwaa

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa na nafasi ya kufikiri na sikufikiri.

Vuli ya 2024 ilipita. Ikaja masika ya 2025. Mti ulikuwa umekatwa tangu Mei ya mwaka uliotangulia, hauna tawi, hauna kivuli. Na ufa ulikuwa unaendelea. Kutoka kona ya chini ya dirisha ulishuka mpaka kwenye msingi, kisha mwingine ukaanza juu, kwenye kona ya pili, ukapanda kuitafuta renta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha. Kalenda haikufunika tena. Ningeweza kuingiza sarafu ya shilingi mia.

Mshitakiwa yuko jela mwaka mzima, wizi unaendelea. Mtu yeyote angejiuliza.

Mimi nilisema: ni kisiki.

Nilisema mizizi bado hai, si inachipua? Basi bado inasukuma. Nilijenga hoja hiyo kwa ufasaha mkubwa, nikaieleza kwa shemeji na kwa fundi, na wote wakakubali. Sasa hivi nikiirudia kichwani naona kilichokuwa kinanitokea. Nilishalipa laki moja na themanini. Nilishambishia Mama. Nilishamtazama bibi wa watu akiokota majani chini. Kama kosa halikuwa la mti, hayo yote yangegeuka kuwa ya nani?

Kwa hiyo nikatafuta mtu wa kung'oa kisiki. Na hilo nalo lilinifundisha kitu: vijana wa chensoo wapo kila kona, lakini ukitaja kisiki simu zinakatika. Wawili walisema watapita. Mmoja alitaja bei ya kuagiza mashine ya kuchimbia barabara.

"Kaondoka na mpini"

Mzee alipatikana kupitia muuza mkaa. Alikuja kwa baiskeli, sururu na mtaimbo vimefungwa kwenye bomba la katikati. Nikamwamkia, akaitika, akakizunguka kisiki mara mbili bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Nani kakata huu mti?"

"Vijana fulani. Mimi ndiye niliyewaambia wakate chini."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kama daktari anayesoma cheti cha hospitali nyingine.

"Kaondoka na mpini," alisema.

Akanieleza. Mti unaotaka kuung'oa haukatwi chini. Unaacha shina urefu wa kifua cha mtu. Unachimba, unakata mizizi ya pembeni, halafu unafunga kamba juu ya lile shina na kulivuta huku na huku. Urefu wake ndio nguvu yako. Shina lenyewe ndiyo nyenzo ya kung'olea mizizi yake. Ukishakata sawa na ardhi, umebaki na kichwa cha shoka bila mpini, na unatakiwa ukatie kuni.

Mwaka mzima niliiona ile sahani laini kama kazi safi.

Tulielewana elfu themanini na chakula cha mchana. Alifanya kazi siku tisa, akianza na mwanga na kuacha jua likiwa kali. Nilikuwa likizo, nikawa namtazama kuliko nilivyopanga. Alikuwa na mashoka mawili. Moja, lenye makali ya wembe, halikuruhusiwa kugusa mchanga. Lilitumika pale tu mzizi ulipokwisha kufukuliwa na kuoshwa kwa kopo la maji. La pili, butu, lilifanya kazi chafu. Kila mzizi aliukata mara mbili, akatoa kipande cha urefu wa mkono, ili apate nafasi ya kurusha shoka kwa mwingine. "Ukikata mara moja tu," alisema, "umekata lakini hujaondoa. Unabaki unapigana nao humo humo."

Mzizi mkuu ndio uliomchelewesha. Ulikuwa umezama wima kabisa. Aliufuata zaidi ya mita moja, akaukata akiwa amelala ubavu. Kisha akaazima jeki ya Fuso, akaitegea kipande cha ubao chini ili isizame mchangani, na kisiki kikapanda, sentimita kwa sentimita, kikilia.

"Mti hauendi ila kwa nyenzo," alisema, akapangusa uso. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu shule ya msingi. Sikuwahi kuona mti wenyewe ukienda.

Mfereji

Lakini siku ya nne, kabla ya jeki, kulikuwa na lile jambo.

Upande wa nyumba ulikuwa na mzizi mmoja mnene kama mkono wangu. Nilifurahi nilipouona, nisiseme uongo. Nilimwambia mzee asiukate kwanza. Aufuate mpaka ukutani, nipige picha mahali unapoingia chini ya msingi, nimwonyeshe Mama.

Aliufuata. Mita moja hivi kabla ya ukuta, mzizi ulipinda. Ukakata kona kushoto, ukaenda sambamba na nyumba, kuelekea kwenye chemba ya choo.

Mzee akasimama. "Umekwenda kule."

"Endelea tu mpaka ukutani, mzee."

"Mama, mzizi umekwenda kule."

"Endelea."

Akanitazama, akakumbuka nani anayelipa, akachimba. Jua likawa kali hajafika ukutani. Asubuhi yake ndiyo akaniita nikiwa na chai.

Chini ya ukuta ule palikuwa na pango. Kwa urefu wa karibu mita mbili mchanga haukuwepo. Msingi ulikuwa unaning'inia kama daraja, na ulikuwa umekatika mahali palepale ufa ulipoanzia. Mzee hakuhitaji kunieleza sana. Alielekeza juu, kwenye bati, kisha chini, kwenye mstari wa vikokoto vilivyooshwa vikawa vyeupe, ulionyooka sambamba na ukuta. Mchirizi.

Upande ule haukuwa na gata la kukinga maji ya paa. Haukuwahi kuwa nalo. Aliyejenga aliweka mbele tu, panapoonekana. Na bati limetokeza kidogo sana, maji yalikuwa yanamwagika karibu na mguu wa ukuta.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano angeiweza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu la upande ule ni kama mita za mraba 60. Mvua moja kubwa ya masika, milimita 50, ni lita 3,000. Ndoo 150 za lita ishirini, zikimwagwa kwenye mstari mmoja wa mchanga, tena na tena, kila msimu. Na mimi miezi ya kiangazi nanunua maji kwa dumu.

Mti ulisimama mita tatu kutoka hapo ukitazama haya yote. Hausemi.

Chemba

Kuhusu chemba, mzizi ulikuwa na hatia. Tuliukuta umeingia, na lile wigi lilikuwa limeanza kuota upya. Lakini hata hapo mzee alinikatisha furaha. Alikwangua kwa kucha lile ungio la bomba na chemba: saruji ilikuwa inapukutika kama maandazi ya jana, na mchanga kuzunguka pale ulikuwa na unyevu mweusi wa miaka. Mzizi hautoboi saruji nzima. Unakua palipo na maji na hewa, na ukikuta penyo unaingia. Maji ndiyo yaliyotoka kwanza.

Kuna miti ambayo kweli huharibu nyumba. Mkuyu ukiota kwenye ufa wa ukuta, ukate leo hii, usisubiri makala. Na udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa una mambo yake na miti ambayo mchanga wangu hauna. Sisemi watu wasikate.

Tena, nikiwa mkweli, huenda hata huu ningeukata. Ulikuwa mita tatu kutoka vyumba vya watu, mwarobaini hurefuka kupita mita 15, na sitasahau usiku wa Hidaya. Kuna sababu halali ya kuukata ule mti. Ila sikuitumia. Ningeitumia, pengine ningepunguza matawi ya upande wa nyumba nikaishia hapo. Kinachonikaba si kwamba mti haupo. Ni kwamba nilikuwa na uhakika kiasi kile, kwa miaka mitatu, juu ya kitu nilichoweza kukikagua kwa jembe na asubuhi moja.

Joto

Hili nalipita haraka kwa sababu linaniudhi. Jua la saa tisa sasa linagonga chumba cha Mama moja kwa moja. Bati linapasuka kwa joto kama bisi. Feni inazunguka mpaka usiku, umeme wa LUKU unakwisha kabla ya tarehe ninayoijua. Dereva wa bajaji aliyekuwa akipumzika nje ya uzio, kwenye kivuli kilichovuka ukuta, amehama. Sikuwahi kujua jina lake, na nilikuwa nimezoea kumwachia ufunguo wa geti mtoto akichelewa shule.

Mama hajasema lolote kuhusu joto. Amehamisha tu kitanda chake kutoka ukuta wa magharibi.

Penseli

Fundi wa pili, siyo yule wa sekunde tatu, ndiye aliyetengeneza. Hakufukua ukuta wote kwa mpigo. Alichimba kipande cha mita moja, akajaza zege mpaka likaushika msingi, akaliacha likauke, ndipo akahamia kipande kingine. Akafunga gata, bomba likapeleka maji kwenye tenki. Bei yake ilizidi ya kukata mti na kung'oa kisiki ukijumlisha, na ningeilipa hata hivyo.

Shimo la kisiki alilifukia mzee mwenyewe. Aliokota kila kipande cha mzizi alichokiona, kwa sababu kikioza ndani kinaacha uwazi na ardhi itabonyea. Mchanga akaurudisha kwa tabaka za unene wa kiganja, anamwaga maji, anashindilia kwa gogo, anaongeza. Gogo lenyewe lilikuwa kipande cha mwarobaini.

Karibu na uzio, mita nne kutoka pale, machipukizi mawili yametokea. Kuna mzizi hatukuufikia. Yamefika gotini. Panga langu liko nyuma ya mlango wa jiko na Jumamosi nne zimepita. Bibi wa nyumba ya nne ameshayaona. Aliyagusa majani, hakuchuma, akasema bado machanga mno.

Kabla hajaondoka, fundi alinifundisha jambo ambalo gharama yake ni penseli. Chora kistari mahali ufa unapoishia, kila upande, andika tarehe pembeni. Baada ya mvua angalia kama umevuka. Ukivuka, kuna kitu bado kinatembea. Usipovuka, ziba upake rangi.

Jumapili nilipanda kwenye stuli nikaanza kuchora. Mama alipita na beseni la mchele, akasimama.

"Unaandika nini ukutani kama mtoto?"

"Napima ufa, Mama. Vuli ikija nijue kama unaongezeka."

Akaitazama ile tarehe kwa muda. Akageuka kidogo, akatazama pale palipofukiwa.

"Penseli tulikuwa nazo," alisema, akaingia ndani na mchele wake.